Daftari la Mwalo, Kibirizi

Vipe kumi na saba vilitoka jana jioni,
kumi na saba vimerudi.
Hilo huliandika kwanza, kabla ya samaki,
ingawa fomu ya wilaya haina pa kuliweka.

Fomu inataka aina, uzito, bei.
Dagaa: ndoo nne na nusu.
Ile nusu ni ya Ruhomvya; alitaka niandike tano.
Nikamwambia wino wangu haukopeshi.
Akacheka, "Mwakeye, mama mizani,"
akaondoka na taa zake za sola mgongoni,
zimechoka kama macho yake.
Migebuka: tisa. Naam, tisa, niliwahesabu kwa kidole.
Kuhe: hakuna.
Bei: waulizeni wachuuzi wa Mwanga,
mimi niliacha kuyaamini masikio yangu tangu saa mbili.

Pembeni, kwa penseli,
naandika yale ambayo hakuna aliyeyauliza:
maji ya juu vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga;
rangi, kijani cha kisamvu kilichopoa.
Bukuru fundi mashine anasema
ziwa halijageuka ubavu mwaka huu,
shibe iko chini, kwenye baridi,
na huku juu tumefunikwa blanketi.
Sijui. Mimi napima kinachofika.

Siku za mbalamwezi ukurasa hukaa mtupu:
nani atawasha taa mbele ya taa ile?
Na ile miezi mitatu ziwa lilipofungwa
nilichora mstari mmoja, mrefu, kwa rula.
Nyuma ya mstari huo Zaituni Ntakije
alianika mihogo kwenye chanja za dagaa,
na paka wa mwalo wakahamia sokoni,
wakarudi mmoja mmoja, kama wadeni,
usiku wa kwanza wa kufunguliwa.

Usiku ule! Taa zilitapakaa kuelekea Kongo,
ungedhani mji mzima umeshuka kuoga.
Ndoo sitini na moja. Niliandika mkono ukitetemeka.
Wiki iliyofuata, ishirini.
Kisha nane.
Kisha hii nne na nusu.

Na Alhamisi: kumi na sita.

Nilikaa na kalamu hadi jua likafika utosini.
Sikupima cha mtu.
Mizani ilining'inia na ndoano yake tupu,
ikizunguka kidogo, ikirudi.
Saa tisa wakaonekana upande wa Bangwe,
mashine imekufa, wanapiga kasia kwa mifuniko ya ndoo:
Gwasa, Yotamu, wale mapacha wa Mama Nyamwiza,
na mpishi wao, ambaye miaka yote hii
nilikuwa nikimwita "wewe".
Nikamuuliza jina. Feruzi.
Nikaandika:
aina, watu.
Idadi, watano.
Uzito, sikupima.
Bei, nikaacha wazi.

Leo afisa amepiga simu:
mstari wa kumi na saba una kosa, urekebishe.
Nimemwambia mtandao unakatika, sikusikii vizuri,
nikamsikia vizuri akirudia.

Mwezi utaanza kupungua kesho kutwa.
Nimenunua kalamu mbili,
na penseli.