Jisu la Mwaringa

Kwenye mizani ya duka la mahindi, Kakuyuni,
lilisoma kilo moja na robo, bila ala.
Mwenye duka akacheka: "Hilo ni jisu au ni deni?"
Yote mawili, nikamjibu. Mwaringa amenipa nilijaribu,
siku tatu kambini, kisha elfu tatu na mia tano,
au nilirudishe likiwa limepakwa mafuta.

Ni springi ya lori. Nilijua kabla hajasema,
kwa ule mpindo mdogo mgongoni ambao nyundo haikuumaliza,
kama mchukuzi aliyebeba mawe maisha yake yote,
umemlaza chali na bado hanyooki.
Mpini wa mbambakofi, misumari mitatu ya shaba.
Ala ya tairi, imeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Urembo hakuna. Hapo ndipo nilipolipenda.

Siku ya kwanza, ukingoni mwa Sabaki,
wapima ardhi kivulini, wananingoja nisafishe pa kupiga hema.
Mathenge haina adabu: unaikata mara moja, inakukata kumi.
Nilipiga. Jisu likadunda.
Nikapiga tena, kwa hasira ya mtu anayetazamwa,
likateleza kando ya shina, likachimba mchanga
karibu na kiatu changu kuliko nilivyopenda.
Jioni niliandika kwenye daftari la posho:
Zito mbele. Linachosha kifundo. Linapinda.
Mpini una nundu, inanila kiganja.

Siku ya pili nikalipeleka jikoni.
Kupasua kuni: vizuri, mgongo unavumilia rungu.
Kupigilia vigingi kwa ubapa: vizuri sana.
Kufungua dafu: mapigo matatu, si mawili.
Kitunguu: aibu. Tsofa mpishi alikitazama kilivyopondeka,
akasema, "Wewe ukitumwa sindano, utaleta mtaimbo."

Usiku nikalinoa. Taa ya kichwa ikanionyesha:
ubavu mmoja umenyooka kama ubao wa darasani,
mwingine ndio uliochongwa;
makali yote yameegemea upande mmoja,
ule usio wangu.
Nikamkumbuka Mwaringa akipokea kikombe cha chai.
Nikakumbuka nyundo yake ilikuwa mkono gani.
Mwaringa ana mashoto.
Amefua alivyo.

Nikakaa pale, jiwe la kunolea mapajani,
na kile kipande cha kanga kikanirudia,
ambacho nyanyangu alinifungia mkono kifuani saa za kula:
"Wa kulia ndio mkono, Umazi. Huo mwingine ni wa chooni."
Nilikuwa na miaka sita. Nikajifunza.
Kisha nikasahau kuwa nilijifunza.

Siku ya tatu niliamka kabla ya wapimaji.
Nikauhamisha mpini.
Ile nundu ikaingia katika shimo la kiganja cha kushoto
kama kokwa lililorudi tundani.
Shina la kwanza lilikatika kwa pigo moja,
mkato wa mshazari, safi, hata utomvu ulichelewa kutoka.
La pili vilevile.
Bega lilikuwa geni kwangu, liliuma, nikacheka peke yangu.
Nilikata mpaka jua likagusa mahema
na Tsofa akatoka na sufuria, akautazama mkono ule,
akanyamaza,
akaniwekea chai upande huo.

Basi, Mwaringa, tathmini yangu ni hii.
Msumari wa katikati umeanza kulegea, ukaze.
Karibu na ncha punguza unene, kiasi cha ukucha tu,
vitunguu havijakukosea.
Uzito usiuguse.
Hela ndizo hizi, zihesabu.
Na akija mnunuzi mwingine, mwambie kabla hajalipa
kwamba jisu hili lina upande.
Mimi hukuniambia.
Ile mia mbili ya juu ni ya hilo.