Orodha Iliyonyamaza

Newala, saa moja asubuhi. Ukungu umelalia mabati ya ghala la chama.
Nafungua kioo cheusi,
naandika mkwaju ulioinamia nyuma, kisha herufi moja,
na kanzidata inanitajia watoto wake:
wakulima, mizani, stakabadhi, mnada.
Wanne. Kila siku wanne.
Mtu hufika mahali akaacha kuhesabu.

Akaja Bi Sikudhani Mchopa wa Mnyambe
na karatasi iliyokunjwa mara nane ndani ya pindo la kanga:
kilo mia nne na kumi na mbili, daraja la kwanza,
muhuri umefifia, sahihi ya mpimaji kama unyayo wa kuku.
Nikatafuta. Mashine ikajibu: hakuna.
Haikusema sijaona.
Haikusema hapa niliposimama, hakuna.
Ilisema hakuna, kama komeo linavyosema,
na mimi, Mungu anisamehe, nikampokeza vilevile:
Mama, humu haumo.

Hakulia. Alizitazama nyaya za kompyuta,
akauliza kama zimechomekwa vizuri.
Kisha akakaa juu ya gunia tupu hadi adhuhuri,
akikwangua kwenye kucha utomvu mweusi wa maganda.

Siku ya tatu ndipo nikaona.
Chilumba, aliyenitangulia kwenye kiti hiki,
kabla hajahamia Masasi
alijenga chumba cha pili humohumo ndani,
akakiita msimu_mpya, asimwambie mtu.
Mnyambe nzima walikuwamo,
watu mia mbili na sita, wamepangwa kwa herufi,
kila mmoja na kilo zake.
Orodha yangu haikudanganya.
Ilichungulia chumba ilichoambiwa ichungulie,
ikarudi na uso mkavu.

Basi nikajifunza kushona.
Programu hii haina mwenyewe, ni ya kila ajuaye sindano.
Nikaufungua msimbo wake, lugha kavu, ya kizamani,
isiyosamehe nukta mkato iliyosahaulika,
nikaandika mistari kumi na tisa:
ukiorodhesha, taja ulichokiona,
taja na vyumba ambavyo hukuingia.
Nikaongeza safu ya ukubwa wa kila jedwali,
maana kwetu hata gunia halitajwi kabla ya mizani.

Nikakituma kiraka kwa watu nisiowajua.
Majibu yakaja saa nane za usiku.
Mmoja alitaka nafasi nne pembeni mwa mstari, si mbili.
Mwingine, safu ya ukubwa itakibana kioo.
Wa tatu akauliza, kwa adabu kabisa:
ni nani hasa mwenye haja na jambo hili?

Nikaandika habari za korosho, nikafuta.
Nikaandika jina la Bi Sikudhani, nikafuta.
Umeme ukakatika, ukarudi.
Nikabakiza sentensi moja:
orodha ikinyamaza, msomaji huamini hakuna.

Miezi minane.
Mikorosho ikachanua, mabibo yakaoza njiani, nzi wakanenepa.
Waliichana safu yangu ya ukubwa.
Waliyageuza maneno mara tano, mara ya tano
wakarudia yale ya kwanza.
Wakakubali mstari mmoja, mdogo, chini kabisa:
yapo mengine nje ya njia ya utafutaji.
Kwenye shukrani jina langu limekosewa herufi,
Somoe amekuwa Somae. Nimemwacha.
Naye ameshona.

Bi Sikudhani alikwisha kulipwa zamani, baada ya makato.
Alizihesabu noti mara mbili, ya pili kwa sauti,
ili ghala zima lisikie kuwa yumo.

Toleo lile jipya halijafika Newala.
Mashine ya chama ni kongwe, haina nafasi,
na mhasibu anasema bajeti ni ya mwakani.
Bado nikiandika herufi yangu inanitajia wanne.
Kwa hiyo nimebandika karatasi juu ya kioo, kwa gundi ya ugali:
KUNA VYUMBA VINGINE.
Jana kijana mmoja wa mizani aliisoma,
akaniuliza kodi ni shilingi ngapi kwa mwezi.