Tumbo Moja

Yai la saba lilichelewa.
Sita yalikwisha kupasuka ndani ya kopo la Kimbo,
vitoto vikatoka vyembamba kama kamba za viatu,
kila kimoja na kichwa chake, na hasira yake.
La saba lilitulia kwenye mchanga wa majimaji
hadi Jumanne, adhana ya alasiri ikitokea Shella,
ndipo likachanika pahali pawili.

Nikasema moyoni: pacha.
Nikangoja wajitenge.
Hawakujitenga.
Ndimi mbili, kila ulimi na panda yake,
ncha nne zikiionja hewa ya Malindi,
na shingo mbili zikikutana chini kidogo
kama njia ya Ganda inapoingia barabara kuu.

Nyoka wa nyumba, hana sumu.
Kwao ni darini, nyuma ya magunia ya mahindi,
ila huyu hakujua dari. Kazaliwa kiooni,
baba nambari kumi na moja, mama nambari nne.
Porini asingemaliza wiki:
kichwa kimoja kingesema jiwe, kingine kichaka,
na mwewe angewakuta bado wanabishana.

Bi Nyevu wa tikiti alipandisha bei siku iyo hiyo.
Akaandika kwa chaki: NDUMAKUWILI. WATOTO HAMSINI.
Nikamwambia, mama, ndumakuwili huuma huku na huku,
kichwa mbele, kichwa nyuma, rafiki wa kila mtu.
Huyu vyake vyote vinatazama upande mmoja.
Hajamdanganya yeyote.
Akanipa chaki: "Haya, andika neno jingine."
Sikuwa nalo. Likabaki lile.

Wakaja. Mhubiri wa Muyeye na chupa yake ya mafuta,
akalipa kiingilio cha mtu mzima, akakemea kioo.
Mjamzito mmoja akavutwa mkono na mamake asitazame.
Mtoto wa shule, kamasi zimemkauka, akauliza lililonishinda:
"Akitaka kwenda chooni, nani anaamua?"

Kulisha ndiyo kazi.
Kitoto kimoja cha panya, uchi, rangi ya ufizi,
na vinywa viwili vinakitaka.
Cha kulia kikidaka panya, cha kushoto kinadaka cha kulia.
Basi naweka karatasi ngumu katikati, ukuta,
mpaka panya apite shingo.
Karatasi yenyewe ni barua ya chifu, muhuri wa zambarau:
Baya Kahindi na Thoya Kahindi,
ekari mbili na robo, Kakuyuni, minazi kumi na tisa,
mfike bila kukosa.
Nimeikunja mara nne ndipo ikasimama.

Kinachonikera si ule ugomvi.
Ni baadaye. Panya ameshashuka,
uvimbe nauona umevuka njia panda, umeingia tumboni,
tumbo la wote wawili,
na kichwa cha kushoto bado kimeachama,
kinagonga karatasi, kinagonga,
kimeshiba na hakina habari.

Mama alikuwa akitukemea tukipigania ukoko:
tumbo moja nyie, tumbo moja!
Tulidhani anasema lake.

Leo siku ya thelathini na nane.
Daktari wa mifugo alimpima kwa mizani ya dhahabu
akaandika gramu, asiandike neno lingine.
Nyoka hana kope; kulala kwake hukujui ila kwa ulimi.
Jana usiku wa kulia ulitulia,
wa kushoto ukawa watoka, waingia, watoka,
unalinda sijui nini mle kiooni.

Nikampigia Baya. Saa nne.
Iliita hadi kidole changu kikakaribia kukata.
"Kuna nini? Nani kafa?"
"Hakuna. Umekula?"
Akanyamaza. Kwa mbali nikasikia sufuria ikikwanguliwa.
"Wewe ndiye wa kuniuliza hilo," akasema,
wala hakukata.