Tofali

Leokadia alinionya kwa maneno matatu:
"Ukikosea, inakuwa tofali."
Nikacheka. Mimi, ninayefyatua matofali bondeni Ipogolo
tangu Ruaha Mdogo ulipokuwa na samaki,
nitishwe na tofali?

Simu yenyewe walioiunda walishaisusa.
Miaka minne hawajaitumia hata salamu.
Ikipigiwa, inafikiri kwanza.
Picha moja ya tanuru, inalia imeshiba.
Fundi wa Miyomboni aliipima kwa macho tu,
akasema nunua nyingine,
kwa wepesi wa mtu asiyelipa.

Basi Jumamosi, baridi ya Julai ikinyonya vidole,
kompyuta ya Leokadia juu ya meza ya kulia,
hatua kumi na moja amenichorea nyuma ya mfuko wa saruji
kabla hajapanda basi la Mafinga.
Ya kwanza: chaji ijae.
Ya pili: hamisha picha.
Ya tatu kaipigia mstari mara mbili:
Kila kitu kitafutika. Umekubali?

Nilisoma kwa sauti. Serafia akajibu kutoka jikoni:
"Huko ndani kuna nini cha kufutika
zaidi ya madeni?"

Nikabana sauti-chini na kitufe cha kuwashia, kwa pamoja,
vidole vyangu vyenye nyufa za udongo,
kama anayemziba mtoto pua anywe dawa.
Kioo kikawa cheusi. Kikaandika, kwa herufi ndogo nyekundu,
kwamba kuanzia sasa wao hawapo,
lolote litakalotokea ni langu.
Ndio mkataba wa kwanza maishani
niliousoma mpaka mwisho.

Kufuli likafunguka bila mlio.

Nikachomeka waya. Mfumo mpya
umeundwa na watu nisiowajua,
usiku, baada ya kazi zao, bila malipo,
na mmoja wao kajiita Bundi.
Hilo Serafia sikumwambia.

Asilimia kumi na mbili. Arobaini.
Sitini na saba, umeme ukakatika.
Ipogolo nzima ikasema "aaah" kwa kinywa kimoja.
Kompyuta ilikuwa na betri yake, ikaendelea,
taa pekee mtaani, nami mbele yake
nimeushika waya usitikisike,
pumzi nimeibana
kana kwamba ni hewa yangu inayopita mle.

Kisha nembo ngeni. Kisha duara, linazunguka.
Dakika tano. Kumi na tano.
Serafia: "Izime, uiwashe."
Na hapo, nakiri, kidole kilikwenda.

Lakini mwaka ule wa mvua nililifungua tanuru siku ya nne,
mteja kanisimamia, moto bado uko tumboni.
Matofali elfu nane yalipigwa na baridi
yakapasuka, moja moja, usiku kucha.
Nilikesha nje nikiyahesabu.

Kidole nikakitia mfukoni.

Duara likazunguka.
Mbwa wa kwa Luhwago akabweka, akachoka.

Umeme uliporudi ulinikuta nimesinzia,
na mezani neno moja: Karibu.
Nyepesi. Tupu. Inateleza kama sahani ambayo haijaliwa.
Hamna jina hata moja.

Nikatafuta kichwani namba yoyote niliyoishika.
Ya Leokadia, siijui.
Ya Serafia (nasema kwa kunong'ona) siijui.
Ikaja moja tu, tarakimu kumi zimefuatana
kama watoto wa shule wakivuka barabara:
ya mtu aliyenipigia kila Ijumaa mwaka mzima,
niliyekuwa nimemhifadhi kwa jina la USIPOKEE.

Nikaiandika. Palipotaka jina
nikakaa kidogo.

Desideri Mhapa, wa kuni.
Laki moja na nusu.

Ilikuwa saa kumi alfajiri, sikumpigia.
Ila jina niliandika lote.