Jinan, Nikiwa Mabatini

Shangazi Mbuke anauliza, ndoo bado kichwani:
"Huko Uchina ulikosoma, mlichota maji wapi?"

Namwambia: Jinan ni mji wa chemchemi.
Simbamarara watatu wa mawe
wanatapika maji kutwa kucha,
na wazee hupanga foleni ya madumu alfajiri,
wakachemshie chai, kama babu zao
kabla ya reli, kabla ya Mjerumani.

"Mjerumani? Hata huko?"

Hata huko. Alijenga stesheni yenye saa;
wenyewe wakaja kuibomoa.
Sisi alituachia jina, limeganda kwenye jiwe
pale ziwani.

Anaguna. Anatua ndoo mwambani.
Chini yetu Nyanza yote imejinyoosha;
huku juu bomba linakohoa hewa.

"Na hao simbamarara," anasema,
"bili yao analipa nani?"