Irabu ya Mwisho

Katika lugha yetu meza ni mwanamke,
mkate ni mwanamume,
mvua ya kike, jua la kiume.
Hakuna kinachopita mlangoni
bila kuonyesha cheti.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na minne na miezi saba
aliposema, huku akimenya chungwa,
"Mama, usiniite tena Itzayana."
Nikadhani ni utani wa shuleni.
"Niite Leandro."
Akaendelea kumenya. Ganda halikukatika,
lilishuka refu mpaka sakafuni.

Hapa Yakima mimi huchagua matufaha.
Lenye doa kushoto, lililo safi kulia.
Saa kumi kwa siku, mwaka wa kumi na moja huu.
Mikono yangu haijui njia ya tatu.
Basi usiniulize kwa nini nilisema niliyoyasema.

Nilisema: ni hizo simu.
Nilisema: ni nchi hii, imekuingia masikioni kama maji.
Nilisema: nilikubeba mimi, najua nilichobeba.
Akajibu taratibu,
kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu:
"Ulinibeba mimi, Mama. Ndiye mimi huyu."

Dukani kwa Doña Remedios kuna gauni
la sherehe ya miaka kumi na mitano, rangi ya pichi.
Yamebaki malipo sita kati ya kumi na tisa.
Kila Ijumaa bado napeleka dola ishirini.
Sijui nimwambie nini.
Bibi yake kule Apatzingán ameshanunua viatu.

Kazini yupo Nabintu, mtu wa Uvira.
Hatuna lugha moja, tuna vipande viwili vya Kiingereza.
Nikamwuliza: kwenu msichana akifika mnasemaje?
"Amefika."
Na mvulana?
"Amefika."
Na kama hamjui ni nani?
Akanitazama kama niliyeuliza iwapo maji yana mifupa.
"Si amefika?"
Kisha, akifuta glavu kwenye aproni:
"Lakini usituonee wivu, dada.
Lugha haiulizi. Majirani wanauliza."

Wenceslao, mume wangu, alinyamaza wiki tano.
Alitengeneza bomba ambalo halikuwa limeharibika.
Jumamosi akachukua funguo, tukaenda kwa kinyozi,
sote watatu, redio imezimwa.
Kinyozi akakung'uta kitambaa: "Nani anaanza?"
"Mwanangu," akasema Wenceslao,
na mwishoni mwa neno, pale tulipozoea a,
akaweka o,
ndogo, kavu, kama kikohozi.
Leandro akaketi. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Ningependa kusema nililia kwa furaha.
Niliona wivu.
Mimi niliyepiga kelele, niliyepiga magoti,
niliyekesha nikihesabu taa za malori,
na huyu bubu akafika kwanza.

Leo Jumatatu. Mashine zinanguruma,
hakuna anayesikia kitu.
Naviringa midomo.
O.
Tufaha lenye doa limenipita,
limekwenda na masafi.
O.
Nabintu ameona. Hakuuliza.