Konzi

Hapa Aizawl nyumba zetu zimeukwea mlima kwa miguu ya nguzo,
na mvua ya mwezi wa sita ikianza
hatulali: tunausikiliza udongo.

Kila jiko lina kopo.
Kabla sufuria haijapanda motoni
unachota konzi moja ya mchele, unaitia humo. Hiyo ni ya Bwana.
Jumamosi akina mama wa kanisa huja na gunia,
wanapima, wanaandika daftarini, wanaondoka.
Bibi yangu alichota, hata mwaka ule
mianzi ilipotoa maua na panya wakamaliza mashamba.

Zairemmawii alipokwenda Chennai kuuguza wagonjwa wa watu
aliniachia watoto wawili na neno moja mlangoni:
"Usisahau konzi."
Sikusahau. Mimi ni mvunja mawe, kiganja changu ni kipana.
Nilichota mbele ya watoto, polepole, makusudi,
kama mwalimu anayeandika ubaoni.

Kisha barabara ikaporomoka.
Wiki tatu hakuna lori,
hakuna jiwe, hakuna ujira.

Jumatano nikamkuta Rinfela, miaka kumi na mmoja,
mkono ndani ya kopo hadi kiwiko.
Alitaka kumuuzia mwenye duka mchele wa Mungu
apate nyuzi za gitaa.
Nikampiga konzi ya kichwa.
Ilitoa mlio. Biakthangi aliacha kutafuna.

Mkono ni uleule.
Ukilegea kidogo, ni konzi ya kutoa;
ukikaza, ni konzi ya kupiga.

Hakulia. Alisugua utosi, akasema
kwa sauti ya mtu anayesoma bei:
"Baba, wiki ya pili hii mkono wako unaingia mtupu.
Mimi hukaa upande huu. Naona."

Ni kweli.
Nilikuwa nafumba ngumi juu ya mchele bila kuugusa,
naizamisha ndani ya kopo, nalitikisa
ili punje za zamani zilie.
Nilijua Mungu anaona.
Sikujua kuwa upande ule wa jiko
kuna mtu mwingine.

Usiku, saa ya sala, nikafungua Kitabu
nikakifunga tena.
Simu ya mama yao ikaita juu ya kabati, nikaiacha iite.
Miaka yote nimewafundisha watoto hawa kutubu
kama mtu anavyofundisha kuogelea
akiwa amesimama ufukoni, viatu miguuni.

Nikasema: "Nimedanganya.
Nilikupiga kwa kosa langu,
na kidogo kwa lako.
Mungu atusamehe, aanze na mimi
maana mimi ndiye mkubwa."
Sikuwa na maneno mengine. Magoti yaliuma.
Mvua ilipiga bati mpaka nikashukuru kelele zake.

Rinfela akauliza: "Na nyuzi?"
"Nyuzi, hapana."
"Sawa."
Biakthangi akatambaa gizani, akaweka kiganja
juu ya kichwa cha kaka yake,
akaiombea nundu kwa jina la Yesu,
akasahau amina, akalala.

Jumamosi wakaja na gunia.
Mama Sangzuali alinyanyua kopo, akanitazama.
Niliuacha mlango wazi, ndani wasikie:
"Ni pungufu. Wiki mbili sikutia kitu,
nikajifanya natia."
Hakusema pole, wala hakusema aibu.
Alipima kilichokuwemo, akaandika,
akalamba ncha ya penseli, akaenda nyumba ya pili.

Jioni tulikuwa na vikombe viwili vya mchele kwa vinywa vitatu.
Kabla sijanyoosha mkono, Rinfela alinyoosha wake.
Konzi yake ni ndogo, na punje zilimvuja vidoleni,
nyingine zikaangukia majivu.
Sikumrekebisha.
Nilisimama nyuma yake
nikingoja zamu yangu.